Ndugu yako yuko mahabusu au amefungwa kwa kesi ya dawa za kulevya: mwongozo kamili kwa familia za Tabora na Kigoma

Simu ya kwanza ambayo familia hupokea mara nyingi haitoki polisi wala mahakamani. Hutoka kwa mtu aliyelala lupango usiku uleule, akaachiwa asubuhi, akakumbuka namba aliyotajiwa gizani. Anasema kijana wenu amekamatwa na bangi, yuko kituo fulani, halafu salio linakwisha. Kuanzia hapo familia huwa na mambo mawili ya kubeba kwa wakati mmoja: kesi ya jinai ambayo lugha yake hawaielewi, na mtu ambaye huenda mwili wake umeshazoea kitu ambacho gerezani hakitakiwi kuwepo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia hizo, hasa zile ambazo ndugu yao yuko Gereza Kuu la Uyui mjini Tabora, au Bangwe, Kwitanga na Ilagala mkoani Kigoma. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kuongozana na wazazi, wake na wadogo wa washtakiwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Nimejifunza kwamba vyombo vya kusimamia magereza vipo, ni vingi kuliko watu wanavyodhani, na vina nguvu za kisheria. Lakini karibu vyote huanza kufanya kazi pale karatasi yenye tarehe, jina na namba ya kesi inapofika mezani. Malalamiko ya mdomo hufa njiani.

Nitataja sheria kwa majina na mara chache sana kwa namba za vifungu, kwa sababu Toleo la Urekebu la Sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha namba za vifungu katika baadhi ya sheria, na mtu anayenakili namba ya zamani kwenye barua hujikuta akijibiwa kwamba kifungu hicho kinahusu jambo lingine.

Hatua ya kwanza: jua yuko wapi na anashikiliwa kwa hati gani

Polisi wanapaswa kumfikisha mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa 24, au haraka iwezekanavyo baada ya hapo kwa makosa mazito. Ukifika kituoni usianze kwa kueleza kwamba kijana hana hatia. Uliza mambo manne tu: namba ya jalada, kosa analotuhumiwa, jina la mpelelezi, na siku anayotarajiwa kupelekwa mahakamani. Yaandike hapohapo, mbele ya afande uliyemuuliza, kwa sababu mtu anayeona maneno yake yanaandikwa huwa mwangalifu zaidi katika kujibu.

Akishapelekwa mahakamani na kukosa dhamana, hakimu husaini hati ya kumpeleka mahabusu. Hati hiyo ndiyo inayomruhusu Mkuu wa Gereza kumpokea, na ndiyo inayoonyesha tarehe anayotakiwa kurudishwa mahakamani. Mahabusu si mfungwa. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye hatia mpaka itakapothibitika kwamba anayo, na tofauti hiyo inapaswa kuonekana hata gerezani: mahabusu atengwe na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa kadiri nafasi inavyoruhusu, na asipangiwe adhabu ambayo hakuna mahakama iliyoitoa.

Hatua ya pili: fungua daftari

Nunua daftari la kawaida, lile la kurasa 48 linatosha kuanzia. Ukurasa wa kwanza andika jina kamili la ndugu yako kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, hata kama limekosewa, na pembeni uandike lililo sahihi. Andika namba ya kesi, jina la mahakama, jina la hakimu, na jina la wakili wa serikali anayeendesha mashtaka. Kisha kila kurasa iwe na safu nne: tarehe, kilichotokea, nani alisema, na tarehe inayofuata.

Nitaeleza kwa nini nalisisitiza jambo hili dogo. Mzee mmoja mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo alikuwa na mwanawe mahabusu kwa kesi ya bangi. Hakuwa na wakili. Alikuwa na daftari lililofungwa kwa uzi wa gunia, na ndani yake aliandika kila tarehe ya kesi kwa kalamu ya buluu, na kila tarehe ambayo mwanawe hakuletwa kwa kalamu nyekundu. Siku tuliyokaa pamoja nje ya mahakama, chini ya mwembe, tulihesabu mistari myekundu tukapata mitano, mitatu kati yake ikifuatana. Kila mara jibu alilopewa lilikuwa kwamba karandinga halina mafuta au ni bovu. Hakuna ofisi iliyokuwa imeyaweka majibu hayo matano pamoja, kwa sababu kila safari lilikuwa likijibiwa kama jambo la siku hiyo tu. Tulinakili tarehe zote kwenye barua ya ukurasa mmoja, tukaipeleka kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu anayeisimamia mahakama, na tarehe iliyofuata kijana alikuwepo kizimbani.

Mshtakiwa akiwa mahabusu, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai hairuhusu kesi kuahirishwa kwa zaidi ya siku 15 kwa mkupuo. Ndiyo maana utasikia kesi zikitajwa kila baada ya siku 14. Ukiona zimepita siku 20 bila kesi kutajwa, una jambo la kuandika. Uliza pia kama shauri lilitajwa kwa njia ya video, maana siku hizi mahakama nyingi huwasiliana na gereza bila mshtakiwa kusafirishwa, na familia iliyokaa benchi asubuhi nzima huondoka ikidhani hakuna kilichofanyika.

Hatua ya tatu: soma hati ya mashtaka neno kwa neno

Sheria inayotumika ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo pia ndiyo iliyounda Mamlaka inayoongoza mapambano hayo. Ndani yake kuna makosa ambayo mtaani huitwa kwa jina moja la “kesi ya bangi”, lakini mahakamani yana uzito tofauti kabisa: kulima, kumiliki, kutumia, na kusafirisha. Neno “kusafirisha” katika sheria hii ni pana kuliko kupakia gunia kwenye basi la Mpanda au boti ya Ziwa Tanganyika. Linagusa pia kuuza, kuhifadhi na kupeleka, kiasi kwamba mtu aliyekutwa na mzigo ndani ya nyumba yake na hakuwa na safari yoyote anaweza kushtakiwa kwa kusafirisha.

Tafuta uzito. Gramu au kilo zilizoandikwa kwenye hati ndizo zinazoamua kama kosa lina dhamana, mahakama ipi ina mamlaka, na adhabu inaweza kufika wapi. Kwa kiasi kikubwa cha dawa, adhabu hufika miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Makosa mengi ya aina hii huendeshwa pia kama uhujumu uchumi. Hapo hakimu wa wilaya au wa mkoa husoma mashtaka na kumwambia mshtakiwa asijibu lolote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali na hati ya kuliruhusu lisikilizwe pale, au mpaka upelelezi ukamilike na jalada lihamishiwe Mahakama Kuu kwa mwenendo kabidhi, yaani utaratibu wa kukabidhi kesi kutoka mahakama ya chini.

Nimewaona akina mama wakitoka mahakamani wakilia kwamba mtoto wao amenyimwa hata nafasi ya kusema. Hajanyimwa. Nafasi yake bado, na kunyamaza kwake siku hiyo hakuhesabiwi kuwa ni kukiri.

Ikiwa mshtakiwa mwenyewe anataka kukiri ili apunguziwe, tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati yake na upande wa mashtaka, yakisimamiwa na mahakama. Makubaliano hayo hayafunguki kwa dawa ambazo thamani yake sokoni inazidi shilingi milioni 20. Usimshauri ndugu yako kukiri kwa sababu ya uchovu wa mahabusu. Atafutiwe wakili kwanza, hata wa msaada: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu asiye na uwezo kuomba, na mahakama yenyewe inaweza kuagiza apewe. Maombi hayo yanaweza kuanzia kwa Mkuu wa Gereza, kwa hakimu, au kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika halmashauri yenu.

Kwa mkoa wa Kigoma kuna nyongeza. Mshtakiwa asiyejua Kiswahili vizuri ana haki ya mkalimani, na raia wa Burundi au wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anaweza kuomba ubalozi mdogo wa nchi yake uliopo Kigoma mjini ujulishwe. Lakini kwa mkimbizi, ubalozi wa nchi aliyoikimbia si pa kuanzia; aanzie kwa wanaoshughulikia wakimbizi.

Hatua ya nne: fuata safari ya kielelezo

Kesi nyingi za dawa za kulevya husimama au huanguka kutokana na kile kilichokamatwa na jinsi kilivyotunzwa. Familia haiwezi kuendesha utetezi, lakini inaweza kukusanya kumbukumbu ambazo wakili atazihitaji. Siku ya upekuzi, je, palikuwa na shahidi asiye askari, kwa mfano mwenyekiti wa mtaa au jirani? Je, hati ya ukamataji ilijazwa palepale na kusainiwa na mwenye nyumba na shahidi? Mzigo ulipimwa wapi, na mbele ya nani ulifungwa na kuwekwa lakiri? Nani aliupokea kituoni, nani aliupeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ulikaa wapi katikati?

Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kielelezo lazima kiwe na mnyororo usiokatika, tangu mkononi mwa aliyekikamata hadi mezani pa mahakama. Taarifa ya Mkemia Mkuu ndiyo inayothibitisha kwamba majani yale ni bangi au unga ule ni heroini. Bila kipimo hicho, rangi na harufu havitoshi. Bangi huoza, kwa hiyo wakati mwingine mahakama huamuru iteketezwe kabla ya kesi kwisha. Likitokea hilo, andika tarehe kwenye daftari na umuulize ndugu yako kama alikuwepo na kama alipewa nafasi ya kusema.

Hatua ya tano: jinsi ya kwenda kumwona

Ulizia getini siku za kutembelea mahabusu na siku za wafungwa, kwa maana mara nyingi hazifanani. Beba kitambulisho cha NIDA au barua ya mtendaji wa mtaa. Chakula kama kinaruhusiwa kitafunguliwa, kitakatwa na utaambiwa uonje, nawe usichukie: upekuzi huo unamlinda ndugu yako na unakulinda wewe.

Sasa sikiliza kwa makini. Mwaka mmoja nilikuwa kwenye foleni ya wageni katika gereza moja la kanda yetu hii. Mbele yangu alikuwa dada mwenye mtoto mgongoni. Kijana mmoja alimsogelea kwa adabu, akampa mche wa sabuni ya kufulia na kumwambia, “Dada, mimi sina kitambulisho, naomba unifikishie kaka yangu tu.” Dada akapokea, kama ambavyo wengi wetu tungepokea. Askari aliyekuwa mezani aliuinua ule mche, akaupima kwa kiganja, akauvunja juu ya goti. Katikati ulikuwa umechimbwa kwa kijiko na kujazwa misokoto, kisha kipande cha juu kikazibwa kwa sabuni iliyoloweshwa. Yule kijana hakuwepo tena. Dada alibaki pale na mtoto wake, akieleza jambo ambalo kila aliyekamatwa getini hulieleza.

Kuingiza kitu kilichokatazwa gerezani ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, na askari magereza ana mamlaka ya kukukamata palepale. Kama kitu hicho ni dawa ya kulevya, utajibu pia chini ya sheria ya mwaka 2015. Hata tumbaku na ugoro, ambavyo kwetu Tabora ni zao la heshima lililosomesha watoto wengi, ukiviingiza kinyume cha utaratibu ni vitu vilivyokatazwa. Usipokee mzigo wa mtu yeyote. Kandambili zenye soli iliyogandishwa upya, mkate uliokwisha kukatwa, kopo la mafuta ya kupaka lililofunguliwa: vyote hivyo vimewahi kumponza mtu.

Na ndugu yako akikuomba umletee “kitu kidogo cha kutuliza kichwa”, au akaomba pesa mara kwa mara kupitia namba za watu usiowajua, usimkaripie kwenye dirisha la wageni. Huenda anatumia akiwa ndani, na huenda anadaiwa. Deni la gerezani ni baya, kwa kuwa mdai na mdaiwa hulala selo moja. Mwulize kwa upole kama anaogopa mtu, kisha nenda hatua inayofuata.

Hatua ya sita: afya, na hasa arosto

Mtu aliyezoea heroini akikatiziwa ghafla hupatwa na arosto ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili: jasho, mafua, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Anaweza kupungukiwa maji kiasi cha kuhatarisha maisha. Aliyezoea pombe kali kila siku yuko katika hatari kubwa zaidi, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa. Wa bangi hukosa usingizi, hupandwa na hasira na hushindwa kula, na wachache, hasa wenye historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo, husikia sauti.

Hali hizi kwenye selo iliyojaa zinaweza kuonekana kama ukorofi. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mtu wako anapopokelewa, mpelekee Mkuu wa Gereza barua inayosema anatumia nini, kwa muda gani, na ana maradhi gani mengine: kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, kifafa, kisukari. Usifiche kwa kuona haya wala kwa kuogopa kwamba utaongeza ushahidi. Barua ielekezwe kwenye matibabu tu, isielezee kosa lolote wala tukio la kukamatwa. Ambatanisha kadi ya kliniki kama ipo.

Barua inaweza kuwa hivi:

Kwa Mkuu wa Gereza,
Gereza la ………
YAH: OMBI LA KUPIMWA NA KUTIBIWA KWA MAHABUSU ………, KESI NA. ……… YA MWAKA ………
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni ……… (uhusiano) wa mahabusu aliyetajwa, aliyepokelewa gerezani kwako tarehe ………. Kabla ya kupokelewa alikuwa na tatizo la kiafya la ……… na alikuwa akitumia dawa za ………. Tarehe ……… nilimtembelea nikamkuta akiwa na dalili za ………. Ninaomba apimwe na mganga wa gereza na, ikibidi, apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa. Naomba pia kujulishwa tarehe atakayopimwa.
Nakala: Mkuu wa Magereza wa Mkoa; Hakimu Mfawidhi, Mahakama ya ………

Peleka nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokea na kuandika tarehe. Muhuri huo ndio unaoitofautisha barua na mazungumzo. Hospitali za rufaa ni Kitete kwa Tabora na Maweni kwa Kigoma. Tiba ya methadoni, ambayo hapa nchini ilianzia Muhimbili mwaka 2011, ni ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haitibu bangi wala pombe. Kwa ushauri wa karibu piga bure namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kilekile kinachopatikana uraiani. Mimi hupenda kuzitaja kwenye barua, kwa sentensi moja tu na bila vitisho.

Hatua ya saba: akikutwa na dawa za kulevya akiwa ndani

Hapa kuna njia mbili, na jambo la kwanza ni kuuliza ndugu yako amewekwa kwenye ipi. Njia ya kwanza ni ya nidhamu ya gereza. Kukutwa na kitu kilichokatazwa ni kosa la ndani, na Mkuu wa Gereza ana mamlaka ya kulisikiliza na kutoa adhabu, ikiwemo kumpunguzia mfungwa msamaha wa theluthi ya kifungo ambao angeupata kwa mwenendo mwema. Mtuhumiwa lazima aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea. Njia ya pili ni ya polisi na mahakama: jalada jipya hufunguliwa, kielelezo huenda kwa Mkemia Mkuu, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ndiyo inayoamua kama atashtakiwa.

Katika njia hii ya pili swali kubwa ni umiliki. Kumiliki kisheria ni kujua kwamba kitu kipo na kuwa na mamlaka juu yake. Msokoto uliokutwa chini ya godoro katika selo wanamolala watu wengi haumfanyi kila aliyelala pale kuwa mmiliki. Kwa hiyo muulize ndugu yako, na uandike majibu siku hiyohiyo: alilala sehemu gani, nani alilala jirani, upekuzi ulifanyika saa ngapi, nani alishuhudia, na je, kitu kilitolewa mbele yake au alionyeshwa baadaye ofisini.

Mkononi mwa mahabusu, dawa hazifiki kwa miujiza. Zimepitia kwa mgeni, kwa mfungwa aliyetoka kufanya kazi nje, zimerushwa ukutani au zimebebwa na mtumishi. Kama ndugu yako anasema anauziwa na mtu mwenye sare, usilitangaze getini wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Unaweza kumhatarisha kabla hata hujafika nyumbani. Taarifa ya namna hiyo ipelekwe TAKUKURU, namba 113 bila malipo au ofisi yao ya mkoa, nawe uombe jina lako lihifadhiwe.

Hatua ya nane: milango ya ukaguzi, na upi ubishwe lini

Gereza husimamiwa kwanza na Jeshi la Magereza lenyewe: Mkuu wa Gereza, Mkuu wa Magereza wa Mkoa, Kamishna Jenerali aliyeko makao makuu Msalato, Dodoma, na juu yake Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Anza humo kwa mambo ya chakula, matibabu, kupigwa au kuhamishwa. Mpe kila ngazi muda unaoeleweka, siku 7 kwa jambo la afya na 14 kwa mengine, kisha panda ngazi ukiambatanisha nakala yenye muhuri.

Nje ya Jeshi, majaji na mahakimu wana mamlaka ya kuingia gerezani, kukagua na kusikiliza mahabusu, na mara kwa mara hufanya hivyo pamoja na mawakili wa serikali, polisi na maofisa wa ustawi wa jamii katika vikao vya kusukuma kesi. Mahakama Kuu ina kanda zake Tabora na Kigoma, kwa hiyo familia ya Kasulu haihitaji tena kupanda treni hadi Tabora. Barua ya kuchelewa kwa kesi iende kwa Hakimu Mfawidhi au Naibu Msajili wa Mahakama Kuu, na nakala yake kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa, ambayo inaweza kuharakisha upelelezi au kuondoa shauri lisilo na ushahidi. Akiachiwa kwa kuondolewa mashtaka, fahamu kwamba si sawa na kuonekana hana hatia baada ya kesi kusikilizwa. Ushahidi ukipatikana anaweza kushtakiwa tena. Atunze nakala ya amri hiyo.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001 ikirithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, ina jukumu la kisheria la kutembelea magereza na mahabusu na kutathmini hali za wanaoshikiliwa. Kulalamika kwao hakuna ada. Lakini haiwezi kuchunguza jambo ambalo liko mahakamani. Watu wengi hukwama hapa: huandika kurasa tatu wakieleza kwamba kijana alisingiziwa bangi, na jalada linafungwa. Waandikie kuhusu kipigo, ugonjwa usiotibiwa, msongamano, au siku alizokaa bila kufikishwa mahakamani. Ya bangi yaache kwa hakimu.

Bunge nalo lina Kamati ya Kudumu ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama inayosimamia Wizara ya Mambo ya Ndani, na mbunge wenu anaweza kuuliza swali. Mwaka 2023 tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliangalia kwa pamoja polisi, mashtaka, magereza na chombo cha dawa za kulevya, na ikakabidhi ripoti yake Julai mwaka huo. Ninaamini kuziangalia taasisi hizi pamoja kulikuwa sahihi, kwa sababu mahabusu mmoja hupita mikononi mwa zote. Ninaamini pia kwamba ukaguzi uliotangazwa wiki moja kabla huukuta ua umefagiwa, na anayesimama kuzungumza kwa niaba ya wenzake ni nyapara. Barua ya familia ikiwa imetangulia, mkaguzi anakuja na jina mkononi na kuomba kumwona mtu huyo faragha.

Hatua ya tisa: baada ya hukumu

Akitiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Mfungwa anaweza kuipitisha kwa Mkuu wa Gereza, na inatosha kusema siku hiyohiyo, “Nataka kukata rufaa.” Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30.

Msijenge matumaini juu ya parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, wala msamaha wa Rais. Sheria ya Bodi za Parole haiwahusu waliofungwa kwa biashara ya dawa za kulevya, na matangazo ya msamaha wa Desemba 9 au Aprili 26 kwa kawaida huwaacha nje. Kwa makosa madogo, ambayo kifungo hakizidi miaka 3, uliza kuhusu huduma kwa jamii kupitia ofisa wa huduma za uangalizi.

Hatua ya mwisho: siku ya kutoka

Ulizia tarehe ya kutoka mwezi mmoja kabla, mfike asubuhi, na mchukue karatasi ya kuachiwa pamoja na muhtasari wa matibabu yake na dawa anazotumia, hasa za kifua kikuu na za kufubaza virusi, ili asikose hata dozi moja njiani. Kama alikuwa anatumia heroini kabla ya kufungwa, mwelezeni waziwazi siku hiyohiyo kwamba mwili wake umesahau. Kipimo alichokimudu zamani kinaweza kumuua leo, na wiki mbili za kwanza uraiani ndizo za hatari kuliko zote. Asilale peke yake siku hizo. Mtu mmoja wa nyumbani, ambaye yeye mwenyewe amemchagua, aende naye Kitete au Maweni ndani ya wiki ya kwanza, wakiwa na lile daftari.